Kazi Ilipohama, Watu Wakabaki: Kumbukumbu ya Mtaa wa Kiwanda katika Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Fasihi ya Kiswahili ina lugha pana ya kuukumbuka utoto wa kijijini na wa mji wa pwani, lakini lugha yake ya kuukumbuka mtaa uliokua kando ya kiwanda cha umma na kudumaa kilipofungwa ni finyu. Makala hii inachunguza ufinyu huo kwa kuanzia Uyole na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Inadai kwamba msamiati wa Kiswahili wa mahali palipoachwa huchukulia kuwa watu ndio waliohama, ilhali katika mtaa wa kiwanda kilichohama ni kazi, watu wakabaki. Kwa kusoma riwaya teule pamoja na majina ya mahali, inaonesha kwamba kumbukumbu ambayo riwaya haikuipa nafasi imehifadhiwa na majina, na kwamba kuipuuza ni kuiacha historia ya kiwanda mikononi mwa kaulimbiu na lawama.

1.0 Utangulizi

Anayeingia Mbeya kwa barabara kuu kutoka Iringa hufika kwanza Uyole, penye njia panda. Barabara moja hushuka kusini kuelekea Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Nyingine huendelea magharibi kupitia jijini hadi Tunduma na Zambia. Uyole hujulikana zaidi kwa kilimo kuliko kwa viwanda. Kituo chake cha utafiti na mafunzo ya kilimo, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa Tanzania na nchi za Nordiki, kimelipeleka mbali jina la mahali hapo. Wapo wakulima wanaopanda maharage yaitwayo Uyole 94, Uyole 96 au Njano Uyole ambao hawajawahi kuikanyaga njia panda hiyo.

Mbeya hiyohiyo ilikuwa na majina ya namna nyingine. Kulikuwa na Zana za Kilimo, yaani ZZK, kiwanda cha majembe na vifaa vya shambani. Kulikuwa pia na Mbeyatex, kiwanda cha nguo. Mashariki zaidi, huko Mgololo wilayani Mufindi, kulijengwa kiwanda cha karatasi cha Southern Paper Mills, ambacho kilianza kuzalisha katikati ya miaka ya 1980. Jembe, nguo na karatasi ni vitu vitatu ambavyo dola iliyozaliwa na Azimio la Arusha la 1967 ilitaka vitoke katika mikono ya wananchi wenyewe, na vyote vitatu vilipewa viwanda katika Nyanda za Juu Kusini. Baada ya mageuzi ya uchumi yaliyoanza 1986, na baada ya kuundwa kwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma katika mwanzo wa miaka ya 1990, viwanda vya aina hii nchini vilifungwa, viliuzwa au vilibadilishwa matumizi. Kile cha Mgololo kilisimama kwa miaka kadhaa kabla ya kupata mmiliki binafsi na kuanza tena.

Jina la Uyole limetoka mahali likaenda kukaa kwenye kitu. Jina la kiwanda kilichokufa limefuata njia ya kinyume: kitu kimetoweka, jina limebaki mahali. Swali linaloongoza makala hii linatokana na tofauti hiyo. Mtu aliyekulia kando ya kiwanda kama hicho, na ambaye leo anaukumbuka utoto wake, ana lugha gani ya kuisemea hamu yake? Na fasihi ya Kiswahili imempa nini?

2.0 Msamiati wa mahali palipoachwa

Hamu ya kale, kwa maana ya uchungu mtamu wa kukumbuka mahali au wakati usiorudi, ilianza kuchunguzwa Ulaya kama ugonjwa. Mwaka 1688 tabibu Johannes Hofer aliipa jina lake la Kiyunani alipoeleza hali ya Waswisi walioishi mbali na kwao. Katika maelezo ya namna hiyo nyumbani pangalipo. Aliye mbali ni mtu, na dawa yake ni kurudi. Dhana hiyo imepanuliwa sana tangu hapo, lakini mfumo wake wa msingi umedumu: kuna anayeondoka na kuna kinachobaki.

Kiswahili nacho kina mfumo wake, na unaonekana katika msamiati. Nomino *mahame*, iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi *hama*, hutaja mahali ambapo watu walikaa kisha wakaondoka. *Ganjo*, na wingi wake *maganjo*, hutaja mji au makazi yaliyoachwa. *Gofu* hutaja jengo lililobaki kuta tupu. *Ukiwa* hutaja upweke wa mahali na wa mtu kwa pamoja, ndiyo maana aliyefiwa au aliyetupwa huitwa *mkiwa*. Maneno haya yana nguvu, na washairi wameyatumia kwa karne nyingi. Hata hivyo, isipokuwa la mwisho, yote yanachukulia kwamba uhai wa mahali uliondoka pamoja na watu wake. Mahame ni mahame kwa sababu watu wamehama.

Mtaa wa kiwanda kilichofungwa hauingii katika mfumo huo. Watu hawakuhama. Nyumba zina wakazi, watoto wanazaliwa, genge la nyanya lipo pale pale. Kilichohama ni kazi, na pamoja nayo mpangilio wa siku: king'ora cha asubuhi, zamu ya mchana inayopishana na ya usiku, tarehe ya mshahara inayojulikana na kila muuza duka. Mkazi wa mtaa huo hawezi kutibiwa hamu yake kwa kurudi nyumbani, kwa kuwa hajaondoka. Ameachwa akiwa kwake.

Ugumu wa pili uko katika kiwakilishi *kwetu*. Katika mazungumzo ya kawaida ya Tanzania, swali "Kwenu ni wapi?" halijibiwi kwa kutaja mtaa. Mtu aliyezaliwa na kulelewa katika nyumba za wafanyakazi mjini, zile ziitwazo kota, hutarajiwa kutaja kijiji cha baba yake, hata kama amekitembelea kwa misiba tu. Methali isemayo "Mwacha asili ni mtumwa" huimarisha matarajio hayo, kwa sababu asili inayoizungumzia ni ya ukoo na ardhi. Kota ni mali ya mwajiri. Mfanyakazi huingia kwa cheo na hutoka kwa barua. Hivyo mtoto wa kota hukua mahali ambapo lugha haimruhusu kwa urahisi kupaita kwao. Mahali hapo panapokufa, hamu yake hukosa hata kiwakilishi cha kuanzia.

Jambo la tatu ni neno *kiwanda* lenyewe. Kamusi za zamani hulieleza kuwa ni uwanja au ua ambamo mafundi hufanyia kazi zao, maana inayokaribiana sana na ile ya *kiwanja*. Matumizi ya karne ya 20 yaliyatenganisha maneno hayo mawili: kiwanda kikawa mashine na paa, kiwanja kikabaki ardhi tupu. Historia ya ufungaji wa viwanda imeyarudisha pamoja. Kawe, Dar es Salaam, eneo la kiwanda kilichokuwa kikisindika nyama ya makopo sasa hutajwa katika matangazo ya mikutano na ibada kuwa ni "viwanja vya Tanganyika Packers".

3.0 Kutoka manamba hadi kota

Uzito wa hamu hii katika Nyanda za Juu Kusini hauwezi kueleweka bila kutazama kilichotangulia. Katika enzi ya ukoloni eneo hili lilikuwa ghala la nguvukazi. Vijana wa Njombe na Iringa waliandikishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na kutokana na namba walizopewa lugha ikapata neno *manamba*. Kutoka Rungwe na jirani zake wanaume walikwenda Lupa, wilayani Chunya, kulikokuwa na dhahabu. Wengine walivuka mipaka hadi migodi ya shaba ya Zambia ya leo na ya Afrika Kusini. Kwa vizazi kadhaa mshahara ulikuwa kitu kinachofuatwa mbali. Kijiji kilikuwa mahali pa kusubiri, na baba alikuwa mtu anayetarajiwa.

Kiwanda cha umma kiligeuza uhusiano huo. Kilipojengwa Mbeya au Mufindi, mshahara uliwafuata watu. Kwa familia ya mfanyakazi, hilo lilimaanisha kwamba baba, na katika viwanda vya nguo mara nyingine mama, angeweza kutoka asubuhi na kurudi jioni ya siku hiyohiyo. Hamu ya mtoto wa kota inapaswa kusomwa kwa kuzingatia jambo hilo. Anachokikumbuka si lazima kiwe mashine, ambazo huenda hakuruhusiwa kuzikaribia. Anakumbuka mzazi anayerudi. King'ora kwake kilikuwa tangazo la kurudi huko, na kufungwa kwa kiwanda kulirudisha uwezekano ambao babu aliujua: kumuaga mtu anayekwenda kutafuta.

Hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapohusiana na utafiti wa James Ferguson kuhusu Ukanda wa Shaba wa Zambia, *Expectations of Modernity* (1999). Ferguson alionesha kwamba kuporomoka kwa migodi kuliwaumiza wafanyakazi kwa namna mbili. Walipoteza kipato, na walipoteza pia imani kwamba historia ilikuwa ikielekea mbele na wao wakiwamo. Mbeya imeunganishwa na ukanda huo kwa barabara, kwa reli ya TAZARA iliyokabidhiwa 1976, na kwa kumbukumbu ya wahamiaji wake. Tofauti ni kwamba kwa mchimbaji wa Zambia kilichovunjika kilikuwa na umri wa miongo mingi, ilhali kwa mfanyakazi wa ZZK au wa Mgololo kilivunjika kabla mtoto wake hajamaliza shule. Kipindi chote cha kiwanda kinatosha ndani ya utoto mmoja. Kwa hiyo katika mazingira haya kumbukumbu ya utoto haiwezi kuchukuliwa kuwa pambo la historia ya kiwanda. Kwa wengi ndiyo historia yote waliyoishuhudia.

4.0 Kiwanda katika riwaya

Riwaya ya Kiswahili imezungumzia kazi ya mshahara tangu mapema, lakini imeitazama kutoka pembe ambazo hazimwachii nafasi mtoto huyo. Pembe ya kwanza ni ya kurudi shambani. Katika *Utubora Mkulima* (1968) ya Shaaban Robert, shujaa huiacha kazi ya mshahara mjini na kupata utulivu wa nafsi katika kilimo. Maadili ya riwaya hiyo yanaelekea upande mmoja: mji hutumikisha, ardhi huponya. Msomaji aliyekulia kota anaweza kuvutiwa na utulivu huo, lakini hana shamba la kurudia ambalo kumbukumbu yake inalijua.

Pembe ya pili ni ya kijiji cha ujamaa na kushindwa kwake. Hapa Nyanda za Juu Kusini zimetoa mchango mkubwa kupitia Claude Mung'ong'o. Baada ya *Mirathi ya Hatari* (1977), inayochunguza uchawi na urithi katika jamii ya nyanda hizo, aliandika *Njozi Iliyopotea* (1980), ambayo inaujadili ujamaa vijijini kwa jicho la kukatishwa tamaa. Jina la riwaya hiyo lingeweza kuwafaa wafanyakazi wa kiwanda pia, lakini njozi inayopotea ndani yake ni ya kijiji. Mwaka ilipochapishwa, viwanda vingi vya kanda hii vilikuwa bado vinapangwa au vinajengwa. Kiwanda kilikuwa kesho, na fasihi ya wakati huo ilikuwa na shughuli ya kuihakiki jana na leo.

Pembe ya tatu ni ya mapambano ya kitabaka. *Kuli* (1979) ya Adam Shafi ndiyo kilele chake. Inasimulia maisha ya wapakuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948, na inamfuata Rashidi, ambaye anaishia kufanya kazi ileile iliyomuua baba yake. Hapa mtoto wa mfanyakazi yupo, na utoto wake unasimuliwa. Hata hivyo utoto huo unapata maana kwa kuelekea kwenye mwamko: uchungu wa mwana ni hatua ya kwanza ya uongozi wa mgomo. Mfumo huo unaifaa bandari ya mkoloni, ambako kazi ni adui anayejulikana. Ni mgumu zaidi kuutumia kwa kiwanda kilichotangazwa kuwa mali ya wafanyakazi wenyewe. W. E. Mkufya, katika *Kizazi Hiki* (1980), toleo lake la Kiswahili la *The Wicked Walk* (1977), aliigusa hali hiyo kupitia meneja Magege, anayekitumia cheo chake kujinufaisha huku wafanyakazi wakididimia. Kiwanda cha umma kinaonekana ndani ya riwaya hiyo, lakini kama jukwaa la uozo wa wakubwa. Nyumbani kwa mfanyakazi, kama mahali pa kupendwa, hapapati nafasi kubwa.

Pembe ya nne ni ya shutuma dhidi ya soko huria. Chachage Seithy Chachage, mwanasosholojia mwenye asili ya Njombe, aliiandika kwa ukali katika *Makuadi wa Soko Huria* (2002). Nguvu ya riwaya hiyo ni upana wake: inaunganisha ubinafsishaji, mitaji ya nje, rasilimali za Delta ya Rufiji na usaliti wa tabaka la wasomi. Upana huohuo ndio mpaka wake kwa suala linalojadiliwa hapa. Kinachopotea ndani yake ni mali ya taifa, na anayepoteza ni umma. Hasara ya mtoto mmoja aliyesikia king'ora kikinyamaza ni ndogo mno kwa kipimo hicho, ingawa ndiyo hasara ambayo watu wengi wanaikumbuka.

Ikumbukwe pia kwamba mazingira ya uchapishaji hayakuwa tulivu. Uhaba wa karatasi uliwabana wachapishaji wa Tanzania katika miaka ya 1980, muongo uleule ambao kiwanda cha Mgololo kilizinduliwa kikiwa na matarajio ya kuutatua. Kizazi kilichokuwa kota wakati huo kilipofika umri wa kuandika, kiwanda kilichopaswa kukipa karatasi kilikuwa kimesimama. Pengo katika riwaya lina sababu zake za kisanaa, lakini lina pia sababu hii ya wazi ya kiuchumi.

5.0 Majina kama matini

Kumbukumbu ambayo riwaya haikuipokea haikutoweka. Ilihifadhiwa katika matini fupi kuliko zote, yaani jina la mahali. Dar es Salaam, abiria hushuka Ubungo Maziwa, kituo kilichopata jina kutokana na kiwanda cha maziwa, na hushuka Kamata, jina lililoachwa na Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Sarufi inaonesha kilichotokea. "Maziwa yamejaa" ni sentensi ya chombo jikoni. "Maziwa pamejaa" ni sentensi ya kituo cha daladala. Nomino imeacha upatanisho wa ngeli yake na kuchukua ule wa mahali, na haihitaji kiambishi *-ni*. Bidhaa imekuwa eneo. Kijana anayesema "nimefika Maziwa" hana haja ya kukijua kiwanda, lakini kila anapolitamka jina anaieneza kumbukumbu ya mtu mwingine.

Majina ya viwanda vya nguo yana ushahidi wake. Mbeyatex, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma na Kiltex yanashirikiana kipande *-tex*, kilichokopwa na kubandikwa kwenye jina la mji au eneo. Kwa kipindi fulani kipande hicho kilifanya kazi kama kiambishi tamati: msemaji aliyelijua moja aliweza kulielewa lingine bila kuelezwa. Uzalishi wake katika lugha ulidhoofika pamoja na uzalishaji wa mashine zenyewe. Leo *-tex* humtambulisha msikilizaji wa rika fulani mara moja, kama wimbo wa redio unavyofanya. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, kilikwenda mbali zaidi: jina lake likawa la bendi, Urafiki Jazz, na hivyo watu ambao hawakuwahi kuona vitambaa vyake walilijua kwa kulicheza.

Jina la Zana za Kilimo linastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa linakiunganisha kiwanda na Uyole. Halina neno la kigeni wala halibebi jina la mji. Linaeleza kazi yake kwa Kiswahili ambacho kila mkulima anakielewa. Ndani yake mna ahadi kwamba jembe litakalolima shamba la Nyanda za Juu Kusini litafuliwa palepale, jirani na kituo kinachochagua mbegu. Upande mmoja wa ahadi hiyo, ule wa mbegu, bado unaitwa Uyole. Upande wa pili umebaki jina.

6.0 Mipaka ya hamu

Kuyasoma majina haya hakumaanishi kuyaamini yote yanayodokeza. Svetlana Boym, katika *The Future of Nostalgia* (2001), alitofautisha hamu inayotaka kurejesha kilichopotea kama kilivyokuwa na ile inayokaa na upotevu na kuutafakari. Kaulimbiu ya "Tanzania ya Viwanda", iliyotawala siasa baada ya 2015, ilikuwa na mengi ya aina ya kwanza: iliahidi kesho kwa kutumia picha za jana. Tatizo la hamu ya namna hiyo ni kwamba humhitaji mtoto wa kota kama shahidi wa fahari tu. Haitaki kusikia kuhusu vumbi la pamba, mshahara uliochelewa, au mama aliyefanya zamu mbili, moja kiwandani na moja nyumbani.

Hapo ndipo *Kuli* inapokuwa ya lazima tena. Kifo cha baba yake Rashidi kinamkumbusha mhakiki kwamba mahali pa kazi panapokumbukwa kwa mapenzi na mwana panaweza kuwa palimgharimu mzazi sana. Mtoto huona mtu anarudi. Haoni anarudi na nini mapafuni. Riwaya itakayoutendea haki mtaa wa kiwanda italazimika kubeba sauti mbili kwa pamoja, ya mtoto aliyefurahia king'ora na ya mzazi aliyekitii, bila kuiacha moja iifute nyingine.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba ufinyu wa kumbukumbu ya mtaa wa kiwanda katika riwaya zilizojadiliwa una mizizi katika msamiati unaohusisha kuachwa na kuhama, katika dhana ya *kwetu* isiyoitambua kota, na katika mifumo ya kisanaa iliyorithiwa kutoka riwaya ya kijiji, ya mapambano na ya shutuma. Imeonesha pia kwamba lugha ya kila siku haikusubiri riwaya. Imeyageuza maziwa kuwa mahali, na imeyatunza majina ya mashine zilizokwisha kunyamaza.

Kwa wanafunzi wa fasihi na isimu, hilo linafungua kazi mbili zinazoweza kufanywa pamoja: kukusanya majina hayo na masimulizi yanayoambatana nayo wakati waliokuwa wafanyakazi wangali hai, na kuyasoma kwa uzito uleule unaopewa shairi au riwaya. Wafanyakazi wa miaka ya 1980 ni wazee sasa. Watoto wao wana umri wa kuulizwa kwao ni wapi, na wengi wao bado hujibu kwa kutaja kijiji.